Mbuzi wa Wagonjwa

Mbuzi wale hawakuwa wa mama, ingawa waliijua sauti yake kuliko nilivyoijua mimi. Walikuwa wa wagonjwa.

Kwetu Kola, nilipokuwa mtoto, mtu akiugua alipelekwa hospitali ya serikali mjini Machakos, akapewa dawa, akapona au akafa. Vyovyote vile hakuulizwa ana nini mfukoni. Halafu likaja neno jipya, kuchangia gharama. Neno zuri; ukilisikia unadhani umealikwa harusini. Baba yangu aliugua figo mwanzoni mwa miaka ya tisini, nasi tukachangia. Tulichangia ng'ombe, tukachangia shamba la bondeni, na alipokufa tukachangia jeneza. Mama alibaki na nyumba, zizi tupu, punda, na mimi.

Baada ya mazishi walikuja wanawake wa mwethya, wale waliokuwa wakichimba matuta ya mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Walikaa na mama, wakalia, wakanywa chai, na kabla ya kuondoka wakapanga jambo. Kila nyumba italeta mwanambuzi jike kila mwaka baada ya mavuno. Mbuzi watalala katika zizi la mama, naye atawachunga kando ya mto, maziwa yakiwa yake. Mtu wa kikundi akiugua, mbuzi anatolewa, anauzwa sokoni, mgonjwa anatibiwa. Hatukuiita bima. Bima lilikuwa neno la wenye magari.

Waliweka na sharti. Zizi la wagonjwa litafunguliwa na mkono wa mchungaji wake tu, yaani mama. Mwingine akilifungua, ugonjwa unaofuata ni wake. Waliapa hivyo wakiwa na Biblia kwapani, na hakuna aliyeona ajabu. Sisi ni watu wa kanisa, lakini kiapo hatuchezi nacho.

Mpango ulifanya kazi. Jirani yetu mmoja alipasuliwa akatolewa mtoto akiwa hai kwa sababu ya mbuzi wawili, na mtoto huyo alipoanza shule wenzake walimtania kwamba baba yake ni beberu. Wazee walitibiwa kifua. Wengine walitibiwa malaria, tena na tena, mpaka mama akawa anajua msimu wa mbu kwa kuhesabu mbuzi waliopungua.

Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, hakuugua. Hilo ndilo lililomuudhi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, meno yote kinywani, na alitembea kwa miguu hadi mjini na kurudi kwa ajili ya gazeti. Watu wote walimwita Mwalimu, mama pia. Kila mwaka alileta mwanambuzi wake, aliyekonda kuliko wote, na kila mwaka alimwona akiongozwa sokoni kwenda kumtibu mtu mwingine. "Nalisha matumbo ya watu," alikuwa akisema, na alipokutana na yule mama wa mtoto wa beberu alimwangalia tumbo kwanza ndipo amsalimu. Alitaka kile ambacho kila mwenye afya anakitaka, kulipa kidogo na kulindwa sana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mzima ni hivyo hivyo kwa mgonjwa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi kiwandani Athi River, kushona suruali ambazo hatukuwahi kumwona anayezivaa. Kila mwisho wa mwezi nilikatwa mshahara kwa ajili ya bima ya hospitali, nikapewa na kadi yenye picha yangu, uso kama wa mtu aliyekamatwa. Niliionyesha mama kwa majivuno. Aliigeuza nyuma na mbele akauliza kama inazaa.

Mwaka wa elfu mbili na nne redio ikaanza kuimba wimbo mpya. Kulikuwa na mswada wa bima ya afya ya kila mtu. Mwenye mshahara atakatwa, mwenye shamba atatoa kidogo, asiye na kitu atalipiwa na serikali, na wote watatibiwa. Baba mdogo aliusikia kama vile umeandikwa kwa ajili yake. Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa, watu wakamzunguka, akaanza kufundisha.

"Bei itashuka," alisema. "Watu wakiwa wengi kwa mfuko mmoja, kila mtu anatoa kidogo. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne."

"Na sisi wa kiwandani?" nikauliza.

"Nyinyi mtakatwa zaidi kidogo. Si muko na mshahara?"

Watu walicheka, wakanitazama kana kwamba mshahara wangu walikuwa wanauona ukining'inia. Hesabu yake haikuwa mbaya, hilo nitampa. Nimeisikia tangu hapo kutoka kwa watu waliovaa tai, na wameisema vibaya kuliko yeye.

"Na huo mfuko uko wapi, Mwalimu?" mama aliuliza.

"Unashonwa, mwaitu," alijibu, akitumia neno letu la kumwita mama kwa heshima.

"Basi tungoje ushonwe."

"Dalili ya mvua ni mawingu."

"Mawingu ya Kola tunayajua," mama alisema, na safari hii watu walimcheka Mwalimu, kwa maana mawingu ya Kola hupita juu yetu na kwenda kunyesha kwa wengine.

Mwezi wa kumi na mbili bunge likaupitisha mswada. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Baba mdogo alikuja mbio na redio begani, na kabla jua halijatua alikuwa amekwisha kuitisha mkutano wa kikundi, ambacho alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wake kwa sababu tu alijua kuandika kumbukumbu. Pendekezo lake lilikuwa fupi. Sheria imekuja, mbuzi hawana kazi tena. Nusu tuwauze tununue viti vya plastiki na hema la kukodisha, tupate faida. Nusu tule Krismasi, kwa kuwa tumewalisha miaka mingi na hatujawahi kuonja hata mmoja.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," mama alisema.

Mikono iliinuliwa. Wa kwanza kuinua alikuwa yule mama aliyepasuliwa kwa mbuzi wawili. Kovu lilikuwa bado tumboni mwake, na mkono ukaenda juu kwa ajili ya nyama. Niliuangalia ule mkono nikatamani kuuvunja. Wakainua wengine wote, hata wazee wa kifua, wakikohoa.

Siku ya Krismasi mama aliketi kwenye kigoda chake mbele ya zizi akakataa kufungua. Lango letu lilikuwa mti mmoja uliolazwa na matawi ya miiba yaliyosukumwa mbele yake. Mtoto angeweza kuliondoa. Lakini watu wazima, na visu mkononi, walisimama mbali wakiangalia kucha zao. Walikuwa wamekumbuka kiapo.

"Hizo ni imani za giza," baba mdogo alisema kwa sauti ya kanisani. Akakunja mikono ya shati, akavuta matawi ya miiba mwenyewe, akainua ule mti akautupa kando. Halafu akageuka, akatuonyesha viganja vyake vyote viwili. "Niko mzima?"

Wakapiga makofi.

Kulikuwa na mbuzi mmoja mweusi mwenye tumbo kubwa. Mama aliinuka kigodani akasema, "Huyo ana mimba. Huyo muache." Baba mdogo alimpapasa mbavu, akasema ni uzee uliomshusha tumbo, akamtoa. Walipompasua walikuta wana wawili, wamekwisha kuota manyoya. Visu vikasimama. Baba mdogo aliwatazama, akasafisha koo, akasema, "Supu yao itakuwa laini." Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na kazi ikaendelea.

Nilidhani mama ataingia ndani na kujifungia. Hakuingia. Alichukua sahani akapanga foleni na wengine, akala ini, akala mbavu, akatafuna mifupa hadi ikawa myeupe. Nilipomkazia macho alisema, "Nimewachunga mimi. Siwezi kuwaachia hawa peke yao." Siku hiyo nilimwona baba mdogo akipangusa mafuta kidevuni, na nikamchukia. Sijaacha kumchukia tangu hapo, na simwombi mtu msamaha kwa hilo.

Mwaka mpya ulipoingia redio ilisema rais amekataa kuutia mswada sahihi. Gharama ni kubwa mno, urudi ukatazamwe upya. Nilikuwa nimerudi kiwandani, lakini niliambiwa baba mdogo alizima redio, akaiwasha tena, akageuza stesheni, kana kwamba rais angebadilisha mawazo kwenye idhaa nyingine. Jumapili alisimama palepale nje ya kanisa.

"Msitie shaka. Bunge lilipitisha. Imebaki sahihi tu."

Wakati ule mbuzi walikuwa wamekwisha kuwa mbolea, na viti vya plastiki, vyeupe, vilikuwa vimepangwa katika sebule ya Mwalimu.

Mama alianguka mwezi wa tatu, kwenye bwawa la mchanga ambako tulikuwa tukichota maji. Alikuwa akimpandisha punda mwenye mitungi, akateleza juu ya jiwe, akaangukia ubavu. Walimpakia kwenye mkokoteni wa punda huyohuyo hadi barabarani, kisha gari likampeleka mjini. Nilipofika kutoka Athi River nilimkuta wodini, kitandani pamoja na mwanamke mwingine, wamelala kichwa huku na miguu kule. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Mguu wake ulikuwa umefungwa kamba, kamba imepitishwa juu ya chuma cha kitanda, na mwisho wake ukaning'inizwa mfuko wa mchanga ili uvute.

"Mchanga umenifuata mpaka huku," mama alisema.

Daktari alikuwa kijana na alisema ukweli bila kuupamba. Mfupa ulihitaji kushikwa kwa chuma. Hospitali haikuwa na chuma hicho, familia ndiyo hununua. Kikipatikana mapema, mama atatembea sawasawa. Kisipopatikana, mfupa utajiunga wenyewe, kama utakavyo wenyewe, na mguu utakuwa mfupi. Basi jambo lilikuwa wazi. Mguu wa mama ulikuwa na thamani ya mbuzi kama wanne hivi, na wote walikuwa wameliwa na watu niliowajua kwa sura.

Nilikimbia na kadi yangu hadi dirisha la malipo. Karani, mwanamke wa rika langu aliyekuwa akila karanga, aliipokea, akaitazama, akanirudishia.

"Hii kadi iko na bwana yako na watoto wako. Mama hayuko."

"Sina bwana. Sina watoto."

"Ukiwapata watatibiwa."

"Nimekatwa kila mwezi na sijaugua hata siku moja. Wekeni mama mahali pa huyo bwana."

"Madam, mimi sikutunga hiyo sheria. Next!"

Nilisimama pale nikiishika ile kadi. Kwa miaka yote nilikuwa nimemlipia mwanamume ambaye sikuwa nimekutana naye, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Aliyenizaa mimi hakuhesabiwa. Nilimtukana karani kwa Kikamba, tusi la kwetu lisiloandikika, naye akanijibu kwa Kikamba, vizuri kunishinda.

Watu wa kikundi walikuja kumwona mama. Walikuja wengi, siwadhulumu. Kila mmoja alileta ndizi mbili tatu, akaweka mkono juu ya shuka, akaomba. Mwanamke aliyelala miguuni pa mama ndiye aliyezila ndizi, na alinenepa. Katika korido niliwasikia wakinong'ona kwamba kile kiapo kilikuwa cha uongo, maana aliyefungua zizi ni Mwalimu, na aliyevunjika ni mchungaji.

Baba mdogo mwenyewe alilisema mbele ya mama, akitabasamu, kana kwamba analeta habari njema. "Unaona, mwaitu? Niliwaambia. Ugonjwa hauna macho ya kuona nani alifungua zizi."

Mama alimwangalia kutoka kwenye mto wake. "Haujapotea njia, Mwalimu. Uko njiani."

Alicheka, lakini aliangalia mlango.

Nilimfuata nje nikamwomba auze viti na hema. Nilimwomba vizuri, kwa heshima ya mtoto kwa baba yake mdogo, mikono nyuma. Alisema viti vimekwisha kukodishwa hadi baada ya Pasaka, kuna harusi, watu wamelipa rubuni, na kikundi hakiwezi kuvunja neno lake.

"Na mama?"

"Vumilieni kidogo. Itarudi bungeni. Imebaki sahihi tu."

Mfupa haukungoja sahihi. Ulijiunga wenyewe, kama daktari alivyosema, na mfuko wa mchanga ulipofunguliwa mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine kwa upana wa kiganja. Na hata hivyo hawakumwachia atoke. Kitanda kile cha nusu, kamba ile na mchanga ule vilikuwa na bei yake, na kila usiku aliozuiliwa kwa kutolipa ulikuwa na bei pia. Nilikopa kwenye chama cha wafanyakazi kiwandani, na tukamuuza punda. Mama alirudi nyumbani akichechemea, akakuta mitungi inamngoja. Punda aliyekuwa akiibeba alikuwa amekwenda Muthetheni na mwenyewe mpya, hivyo mama akaibeba yeye, mmojammoja.

Kanisani hakuweza kupiga magoti tena. Alikuwa akibaki ameketi wakati wa sala, mguu umenyooshwa kwenye njia, na wazee wa kanisa walilalamika kwamba wapitao na kikapu cha sadaka wanajikwaa. Baba mdogo ndiye aliyepata dawa ya tatizo hilo. Aliagiza benchi liwekwe nyuma kabisa, karibu na mlango, la wasioweza kupiga magoti. Mama aliketi huko peke yake, upepo wa vumbi ukimpiga mgongoni, kwa miaka.

Nilipomaliza mkopo nilimnunulia mbuzi jike mmoja, wa kwake mwenyewe. Alizaa pacha, akazaa tena. Viti vya plastiki vilikuwa vimevunjika miguu kimoja baada ya kingine, na hema lilichukuliwa na upepo kwenye mazishi fulani likatanda juu ya miiba. Ndipo wanawake wakaanza kurudi. Walikuja mmojammoja jioni, kila mmoja na mwanambuzi kwa kamba, macho chini. Mama aliwapokea wote. Nilimkasirikia sana.

"Walikula mbuzi mwenye mimba, mwaitu. Umesahau?"

"Sijasahau. Lakini nitaugua tena mimi, na wewe uko na kadi ya bwana hewa."

Masharti yalikuwa yaleyale, na waliapa upya. Baba mdogo alikuja wa mwisho, na mwanambuzi aliyekonda kama kawaida yake, akaapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilimuuliza ile sheria imefika wapi. "Iko mbioni," alisema. Ukweli ni kwamba ilikuwa imelala, na viongozi walioipitisha walikuwa wakitibiwa ng'ambo.

Kisha kukaja kile kiangazi kibaya, mwishoni mwa muongo ule, ambapo mahindi yalikauka mara mbili mfululizo. Mbuzi wa watu walikufa au wakauzwa kwa bei ya kuku. Waliobaki hai ni wa mama, kwa sababu aliwachimbia maji mwenyewe kwenye mchanga wa mto, akichechemea, na kuwakatia majani ya migunga. Mwaka huohuo ugonjwa ulifika kwa baba mdogo. Alikuwa na sukari bila kujua. Mwiba ulimchoma kupitia kandambili, akauchomoa, akaendelea na safari yake ya gazeti. Kidole kikawa cheusi, kisha mguu ukaanza kunuka, na walipomfikisha hospitalini walimpa kitanda katika jengo lilelile.

Daktari alisema mguu unaweza kuokolewa, lakini dawa kali za kuzuia kuoza hazipo katika duka la hospitali, zinunuliwe nje, na zinunuliwe upesi. Pensheni ya Mwalimu ilikuwa imekwisha kuliwa na karo ya mwanawe. Kamati ya kikundi ilikutana Jumapili hiyohiyo kanisani na haikubishana. Mbuzi wawili.

Siku mbili baadaye mkewe alikuja kwetu kuwachukua. Nilikuwa nimeachishwa kazi kiwandani na nilikuwa nimeketi uani nachambua mbaazi. Mama mdogo alikuwa mwanamke mpole, mnyamavu, ambaye katika maisha yake yote sikumsikia akimpinga mumewe wala akimsifu. Alikuja na kamba mbili mkononi. Mama alikuwa kigodani mbele ya zizi.

"Habari za mgonjwa?" mama aliuliza.

"Si nzuri, mwaitu. Wanasema tuharakishe. Kamati ilipitisha."

"Nimesikia. Ilipitisha vizuri. Imebaki sahihi tu."

Mama mdogo hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa, na mkono wangu ukasimama juu ya ungo. Kisha naye akaelewa; niliona ikimfika usoni.

"Sahihi ya nani?"

"Yangu. Zizi linafunguliwa na mimi, si muliapa? Na mimi leo mguu unaniuma. Siwezi kusimama."

"Nisaidie, mwaitu. Ni ndugu ya bwana yako."

"Najua ni nani." Mama alinyoosha fimbo yake, akaonyesha lango. "Kama una haraka, zizi ni hilo. Vuta miiba, inua mti, chukua mbuzi. Sitakukataza. Mwalimu alitufundisha kwamba hizo ni imani za giza."

Mama mdogo alilikaribia zizi. Alishika tawi la kwanza la miiba. Mbuzi walikuwa ndani, wamemtazama, wakitafuna. Angeweza kumaliza kazi ile kabla ya mimi kuchambua konzi moja ya mbaazi. Alisimama pale, mkono kwenye mwiba, na nikamwona anavyofikiria mumewe aliyeonyesha viganja vyake siku ya Krismasi, akauliza kama yuko mzima. Alisimama hadi kivuli cha nyumba kikafika miguuni pake. Halafu akaachia tawi, akakunja kamba zake vizuri, akasema, "Basi nitakuja kesho," akaenda.

Nilimhurumia? Kidogo. Niliendelea kuchambua mbaazi.

Alikuja kesho yake, na mama mguu ulikuwa bado unamuuma. Siku iliyofuata mama alisema afadhali tungoje soko la Jumamosi, bei iwe nzuri, tusimwibie mgonjwa. Katikati ya siku hizo alikwenda hospitalini kumwona shemeji yake. Nilimsindikiza. Alibeba ndizi tatu. Aliweka mkono juu ya shuka akaomba sala ndefu sana, akimtaja Mungu kwa majina yake yote, na baba mdogo akafumba macho akaitikia amina kila mahali panapotakiwa. Alipofumbua macho alimuuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwaitu, mbuzi wameuzwa?"

"Vumilia, Mwalimu," mama alisema. "Uko karibu."

Jumamosi alfajiri mama alisimama bila fimbo, akavuta miiba, akainua mti, akatoa mbuzi wawili walionona. Waliuzwa vizuri. Dawa zilinunuliwa zote, zikapelekwa katika mfuko wa karatasi, na mwuguzi akazipokea akasema ataziweka, zitasaidia kidonda, ila mguu wenyewe ulikuwa umekatwa jana yake, chini ya goti.

Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisimulia mambo haya hujifanya walilia. Miaka yote ile baba mdogo alitafuta namna ya kulipa kidogo, na bei yake ikaja kuchukuliwa kwa mkupuo. Mama sikumwona akifurahi wala akisikitika. Alirudi kwa mbuzi wake. Jioni ile, tukila muthokoi, nilimuuliza kama kweli mguu ulimuuma siku zile.

"Unaniuma kila siku," alisema. "Siku nyingine nasimama tu."

Baba mdogo aliporudi kanisani alikuja na magongo mawili ya mbao. Alitaka kwenda mbele kwenye viti vya wazee, lakini ibada ilifika kwenye sala, watu wote wakapiga magoti, na yeye akabaki amesimama katikati ya njia, kijana wa kikapu cha sadaka akimngoja apishe. Mzee mwenzake akamnong'oneza sikioni, akamwonyesha nyuma. Alitembea hadi kwenye benchi lililo karibu na mlango, lile aliloagiza yeye.

Mama alimsogezea nafasi. "Kaa, Mwalimu."

"Asante, mwaitu."

Alipoketi, gongo moja lilimteleza likaanguka sakafuni upande wa mama, mlio ukasikika kanisa zima. Baba mdogo alinyoosha mkono, hakulifikia. Akamtazama mama. Mama alikuwa na kitabu cha nyimbo wazi mapajani, na watu walikuwa wameanza kuimba. Aliimba beti zote, kwa sauti yake ile ya kuitia mbuzi, bila kuruka hata neno. Wimbo ulipokwisha alifunga kitabu, akainama polepole kwa sababu ya nyonga, akaliokota lile gongo, akampa.